Musawo Asiyejua Kuchagua Vitunguu

"Mama Chai, leo siku gani?"

Hivyo ndivyo alivyonisalimia miaka yote. Si habari za asubuhi, si umeamkaje. Anasimama mbele ya meza yangu nje ya mahakama ya Jinja, begi kwapani, kichwa amekilaza upande kama kuku aliyesikia kitu, na ile sauti yake ya puani, ya Kigisu, inayovuta maneno: "Mama Chaaai, leo siku gani?"

Mimi namjibu: "Leo Ijumaa, Musawo, na wewe hujachana nywele."

"Vizuri. Na wewe iko wapi sasa?"

"Niko kwenye moshi, nakupikia chai."

"Vizuri sana. Na huko ndani, nani anakaa kiti ya juu?"

"Jaji mwenye kikohozi."

"Basi wewe iko sawa. Nipe chai."

Wateja wageni walidhani mgonjwa ni yeye. Mmoja, mtu wa Iganga, alinivuta kando akaniambia nisimwudhi, nimpe chapati aondoke. Nilicheka mpaka birika likanimwagikia mguuni.

Huku kwetu musawo ni mtu yeyote wa tiba, awe daktari, awe nesi. Huyu alikuwa musawo wa vichwa, na zaidi vichwa vya watu wa kesi. Mtu ameshitakiwa, anasimamishwa mbele ya jaji, anaulizwa neno, anaijibu taa ya darini. Au anacheka. Au ananyamaza kama jiwe la kusagia. Jaji hawezi kumhukumu mtu wa namna hiyo, ni kama kupigana mieleka na mtu aliyelala. Basi wanamwita Musawo: mtazame huyu, anaelewa au haelewi? Kama haelewi, mtibu mpaka aelewe, halafu tuletee.

Na baada ya vita watu hao walijaa. Aliyeacha mguu vitani unamwona, unampisha njia. Aliyeacha akili huko unamwona mzima, ana meno yote, unamgombeza.

Sasa nikwambie alivyokuwa. Nilimwona kwa macho yangu akimwendea mtu aliyeshika chuma cha dirisha, amekwisha kumvunja askari mkono, naye anamwendea polepole akimwuliza, "Bwana, leo siku gani?" mpaka yule mtu akaanza kuhesabu siku kwenye vidole, na chuma kikaanguka. Na Musawo huyo huyo alikuwa anaogopa bata. Palikuwa na bata mzinga wa mlinzi wa mahakama, mweusi, ana hasira kama mke mkubwa. Musawo akimwona anazunguka nyuma ya choo, anapita kwenye matope, anafika kwangu viatu vimeharibika. "Huyu hana akili," anasema, "na mimi hapana dawa yake."

Kwa wagonjwa alikuwa na subira ya kutisha. Angekaa saa nzima akingoja mtu mmoja atamke jina lake. Kwa sisi wazima hakuwa na subira hata ya chai kupoa. Neno mwehu alilichukia. Ukilitamka mbele yake anakuuliza leo siku gani, na safari hiyo si mchezo. Lakini umsikie anavyowatukana madereva wa malori, hata mimi niliyelelewa kwenye kambi ya jeshi nilijifunza mawili matatu.

Na vitunguu. Kila alipokwenda Mbale, na alikwenda mara kwa mara maana ndiko kwao, alirudi na kikapu cha vitunguu vya soko la Nakaloke, ananiletea nikaangie mayai ya wateja. Nakata cha kwanza, kibovu. Cha pili, kizuri. Cha tatu, maji meusi yananirukia kwenye kanga. Namwambia, "Musawo, wewe unaona ndani ya kichwa cha mtu, kitunguu kinakushinda?"

Anakunywa chai yake. "Vitunguu ni vigumu," anasema.

Miaka nenda rudi namcheka kwa hilo. Nilikuwa na hadithi nzima, naiigiza kwa wateja, Musawo anakipima kitunguu, anakiuliza leo siku gani.

Maana mimi nilikuwa naigiza watu, hiyo ndiyo ilikuwa sukari ya chai yangu. Nilikuwa na karani, na mwendesha mashitaka wa Kisoga anayeiita mahakama tukufu "tukuru", na wakili anayenyonya meno. Na zaidi ya wote jaji. Madirisha ya mahakama yalikuwa hayana vioo tangu vita, kwa hiyo nilimsikia kutwa. Anavua miwani, anaifuta kwa mkono wa joho, anakohoa mara mbili, cha pili kifupi, halafu anasema kama mtu anayezungumza na nzi aliyetua kwenye karatasi. Kiingereza chake sikukielewa, mimi sikusoma. Lakini mtu hasemi kwa maneno peke yake.

Huyo ndiye Musawo niliyemjua kwa chai. Sasa nifike kwa Juma.

Juma ni ndugu yangu, kifungua mimba mimi, kifunga mimba yeye, nimembeba mgongoni. Sisi ni Wanubi, mababu zetu walikuja kutoka Sudani na bunduki za Wazungu, na jeshi kwetu ni kama ukoo. Alikwenda jeshini anaimba. Alirudi kutoka vitani haimbi. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anakula ukimwambia kula. Siku moja nikamwita kwa nguvu kutoka jikoni, kwa Kiswahili, "Juma, lete maji," na nilipotoka nikamkuta amesimama wima, mikono imebana mapajani, anatazama ukuta. "Ndiyo, afande." Nilicheka. Mungu anisamehe, nilidhani ananitania, maana utani ni wa nyumba yetu.

Mwezi huo likaungua ghala la zamani la pamba kando ya reli, na mlinzi akafia ndani. Asubuhi polisi wakamkuta Juma amelala nyuma ya ukuta, amevaa shati lake la jeshi. Polisi mmoja, kifua mbele, akamwamsha kwa buti: "Wewe. Ndiye uliwasha moto?"

"Ndiyo, afande."

Wakaandika. Akaweka kidole gumba. Kesi ya kuua, na ushahidi wote ni maneno hayo mawili. Na kamba ya kunyongea ilikuwepo wakati huo, usidhani ni hadithi.

Nilimkimbilia Musawo, sikuvaa hata viatu. "Musawo, umenywa chai yangu miaka mingapi? Andika tu kwamba Juma hana akili. Andika kubwa. Mtu asiye na akili hanyongwi."

"Mimi kwanza naona yeye."

Akakaa naye wiki mbili, halafu akaandika: sasa hivi haelewi. Nikashukuru. Kumbe karatasi ilikuwa na mkia. Aliomba jaji aandike kwa kalamu yake mwenyewe siku ya kumrudisha Juma kortini, miezi mitatu tu.

"Miezi mitatu halafu?" nikamwuliza.

"Halafu anarudi kujibu."

"Kujibu nini? Atajibu ndiyo afande, wamnyonge. Kwa nini usiandike hana akili, basi, ikaishia hapo?"

"Hiyo mimi hapana andika." Akashika begi lake kama kuna mtu anataka kumnyang'anya. "Hiyo haiishii hapo."

Hakueleza zaidi. Nilimwona mtu baridi, mtu wa karatasi. Kuanzia siku hiyo nikamtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Wiki tatu. Kila asubuhi anakuja, anauliza siku, anakunywa kikombe chote, anarudisha. Siku moja akasema, "Mama Chai, hii chai iko na hasira," akaweka kikombe chini. "Fanya ile ya jaji."

"Nini?"

"Jaji. Ile ya kikohozi. Mimi nasikia wewe kila siku. Kesho funga meza, njoo wodi."

Wodi yao ilikuwa kule ziwani, nyumba ndefu yenye mabati ya kutu. Nikamkuta amepanga mabenchi kama mahakama. Kamba ya kuanikia nguo ndiyo kizimba. Nesi mmoja ndiye mwendesha mashitaka. Kiti cha juu ni kreti mbili za soda, na juu yake nikapandishwa mimi, na shuka nyeupe mabegani. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake, zaidi ya vidonge. Vidonge vinanyamazisha kelele, alisema, lakini havimfundishi mtu nani ni nani mle ndani.

Juma akasimamishwa nyuma ya kamba. Nikakohoa mara mbili. Nikamtolea sauti kamili. "Mshitakiwa. Wewe ndiye uliiba bwawa la Owen, lote, pamoja na maji?"

"Ndiyo, afande."

Wodi nzima ikacheka, hata wagonjwa. Musawo hakucheka. "Tena," akasema.

"Na daraja lake uliliweka mfukoni?"

"Ndiyo, afande."

Hapo kicheko kikanikauka. Musawo akanishusha kwenye kreti akaniambia, "Sasa unaona. Hapana yeye anajibu. Ile jeshi ndani yake anajibu. Kiswahili ya nguvu ikiingia, yeye anatoka."

Nikamwelewa papo hapo. Kwetu Wanubi Kiswahili ni mkeka wa nyumbani. Lakini kwa wengi hapa Uganda ni lugha ya kizuizi barabarani: shuka, toa, lala chini. Na Juma alikuwa ameipata upande huo sasa. Kortini hapakuwa na mkalimani wa Kinubi. Pangekuwa na Kiswahili, cha kusimama na cha sauti.

"Kesho," Musawo akasema, "mimi nataka jaji ya robo."

Tukaanza kupima jaji kama sukari. Jaji wa robo nakaa karibu na Juma, chini, na sauti ya mama yetu alipokuwa akitusuka. Jaji wa nusu, nakaa benchi la mbele. Musawo anakuja asubuhi mezani kwangu, chai ilikuwa na sukari tena, anaagiza: "Leo robo. Jana umezidisha." Wateja wanatazamana.

Siku nyingi ni ndiyo afande tu, ila imelegea, kama msumari unaotikisika. Halafu siku moja, nimekaa kwenye sakafu, namenya ndizi, nikamwuliza polepole, "Juma, ni wewe uliiba bwawa?"

Akaitazama ndizi.

"Dada," akasema, "bwawa haliibiki."

Niliruka, ndizi ikaenda huku, kisu kule. Nilipiga vigelegele mpaka nesi akaja mbio na sindano. Musawo amekaa pale pale, macho yamemlowa, ananinyooshea kidole. "Kaa chini. Jaji hapana ruka."

Tukapanda. Nusu. Robo tatu. Kilo nzima ilikuwa na buti za kuazima na mfuniko wa sufuria wa kugonga. Juma alitetemeka, jasho likamtiririka, lakini alisimama, akajibu lake. Jina lake, siku, mahali. Nani jaji, nani wakili, nani anataka afungwe.

Lakini jambo moja Musawo alinikataza: habari ya moto. Hata robo. "Hiyo ni ya jaji ya kweli. Sisi hapana pika jibu."

"Na akisema ndiyo?"

"Akisema ndiyo na ni yeye anasema, basi ni ndiyo." Akavaa kofia. "Mimi sitaki ajibu vizuri. Mimi nataka ajibu yeye."

Kwa hiyo siku ya kurudi kortini sikujua atajibu nini. Hakuna aliyejua. Nilikaa benchi la nyuma, meza yangu nimeiacha wazi, mbuzi wale chapati wakitaka.

Jaji akaingia. Akavua miwani, akaifuta, akakohoa mara mbili. Juma akamtazama, uso ukamfunguka kama mtu aliyekutana na jirani mjini. Jaji akasema Kiingereza chake, na mkalimani, bwana mnene aliyewahi kuwa askari, akageuza: "Mshitakiwa, unamjua huyu ni nani?"

"Ni jaji," Juma akasema. "Lakini dada yangu anamweza zaidi."

Watu wakacheka. Mwendesha mashitaka akarukia hapo hapo. Najua alisema nini maana mkalimani alitugeuzia, nami nakupa kwa sauti yake mwenyewe: "Mahakama tukuru, mutu huyu bado. Anasema dada yake ni jaji. Arudishwe, angoje amri ya wakubwa, bila siku."

Bila siku. Nilimwona Musawo, yule mtu asiyeogopa chuma cha dirisha, amesimama, begi amelikumbatia kifuani. Akaeleza yote, kreti za soda, shuka, robo na nusu. Jaji anasikiliza, hasogezi hata nyusi. Halafu akanyoosha kalamu. Mkalimani akageuza: "Huyo dada yuko?"

Nikasimama.

"Mheshimiwa anasema, afanye."

Ungefanya nini wewe? Nikavua miwani nisiyokuwa nayo. Nikaifuta kwa kanga. Nikakohoa kimoja, nikakohoa cha pili, kifupi. Nikamtazama nzi kwenye karatasi. "Mshitakiwa," nikasema, "nitazame."

Kule nje bata wa mlinzi akalia. Jaji akasema neno, mkalimani akameza mate. "Mheshimiwa anasema yeye hakohoi hivyo." Na kabla hajamaliza, jaji akakohoa mara mbili, cha pili kifupi.

Mahakama ilianguka kwa kicheko. Karani alilala juu ya meza. Jaji akangoja kitulie, akaandika, mkalimani akageuza: mshitakiwa anaelewa kuliko baadhi ya watu waliomo humu. Asomewe shitaka.

Mkalimani akavuta pumzi, kifua kikapanda, akamwaga Kiswahili cha kilo nzima na zaidi: "Wewe ndiye uliwasha moto ukaua mlinzi? Kweli au si kweli?"

Nikaiona mikono ya Juma inakwenda mapajani. Ikabana. Kidevu kikapanda. Musawo amefumba macho.

Juma akatazama mikono yake mwenyewe. Akaifungua, kidole kimoja kimoja.

"Hapana, afande," akasema. "Nililala pale kwa sababu ukuta ulikuwa na joto. Moto niliukuta."

Kesi iliendelea wiki kadhaa, lakini ilikuwa imekwisha vunjika mgongo, maana haikuwa na kitu kingine ila ile ndiyo ya asubuhi ile. Walimwachia. Leo yuko Wanyange, anavua, ana mke anayemfokea na anamjibu.

Miaka ikapita. Musawo akastaafu, akarudi Mbale. Mwaka jana Juma akanipa samaki wakavu nimpelekee. Nikamkuta mzee, kofia ile ile, mlangoni. "Mama Chai, leo siku gani?"

"Siku ya soko, Musawo, na bado hujachana nywele, ingawa sasa huna."

Tukaenda soko la Nakaloke pamoja. Akapita wauza vitunguu watatu, vitunguu vyao vinang'aa kama shaba, akiwa anaelekea kwa mzee mmoja mwishoni, mwenye gunia chafu. Nikamshika koti. "Huyo ndiye anayekuuzia uchafu? Miaka yote?"

Akasimama. Akakaa kwenye jiwe kama aliyeishiwa miguu. "Leo mimi nataka jaji," akasema. "Kilo nzima."

Akanieleza pale pale, watu wanapita na mbuzi wao. Yule mzee wa vitunguu alikuwa mtu wake wa kwanza wa kesi, wakati wa utawala wa bunduki, Musawo mwenyewe ni kijana. Alikuwa na akili zake zote. Musawo akamwonea huruma, akaandika hana akili, kumwokoa na kamba. Wakasema angoje ndani amri ya wakubwa, bila siku. Mwaka haujaisha, aliyeua kweli akakamatwa, akakiri. Lakini nani amrudishe huyu kortini, na karatasi inasema hawezi kujibu? Vita vikaja, faili likalala. Alikaa miaka tisa.

"Mimi niliandika kama wewe ulitaka niandike kwa Juma," akasema. "Kubwa."

Na mimi nilikuwa nimemtilia chumvi.

"Anajua?"

"Hapana. Mimi nanunua vitunguu tu."

Nikasimama. Nikavua miwani, nikaifuta, nikakohoa mara mbili. "Mshitakiwa. Ni kweli au si kweli?"

"Ndiyo, afande."

"Basi twende," nikasema, nikamkamata mkono. Alinivuta nyuma kama mbele yetu kuna bata. Nilimburuta, mimi na miguu yangu hii, mpaka mbele ya gunia. "Mzee, huyu ana neno."

Musawo akalitoa. Lote, kichwa kimeinama upande, kwa ile sauti ya puani. Mzee wa vitunguu alimsikiliza akiendelea kung'oa maganda makavu.

"Najua," akasema. "Nilikujua siku ya kwanza uliyokuja. Kwa nini unadhani nakupa vilivyooza?"

Musawo akavua kofia.

"Kila safari nakupa vibovu, kila safari unarudi. Nikasema, huyu ama hana akili, ama anajua anachodaiwa." Akasogeza gunia mbele yake. "Basi. Leo chagua mwenyewe."

Musawo akapiga magoti. Akachagua polepole, kimoja kimoja, anakigeuza, anakibonyeza, anakiweka sikioni, na mzee wa vitunguu ananitazama mimi, midomo ameibana asicheke. Tukarudi nyumbani, nikavikata mwenyewe, nane.

Vitano vilikuwa vibovu.